Dawa ya jino ni kung'oa? Subiri kwanza!

Leo somo letu linaanzia stoo. Ni stoo ya jiko la shule moja ya sekondari mkoani Morogoro, ambako nilikwenda kuzungumza na wanafunzi wa klabu ya afya. Ndani ya stoo hiyo alikuwemo mfanyakazi mmoja asiyelipwa mshahara: paka dume wa rangi ya majivu, umri wake kama miezi saba hivi. Aliletwa kupambana na panya waliokuwa wakitoboa magunia ya unga na maharage. Wanafunzi walimwita Bosi.

Siku moja mama wa jikoni aliona Bosi anakula vibaya. Anatafuna upande mmoja, chakula kinamdondoka, kichwa kakiinamisha pembeni. Mwanafunzi wa kidato cha pili akampanua mdomo, akaona jambo la ajabu. Juu, upande wa kulia, Bosi alikuwa na meno mawili ya chonge yamesimama bega kwa bega! Kijana mwingine wa kidato cha tatu akasema, "Sasa mnashangaa nini? Dawa ya jino ni kung'oa. Nileteeni plaizi."

Wakamkamata wanne. Kufumba na kufumbua, matatizo yakawa mawili. Jino lilikatika, mzizi ukabaki ndani ya taya. Na Bosi, kwa uchungu, alimuuma yule kijana kwenye kidole gumba, meno yakazama.

Nilipofika siku tatu baadaye, shavu la Bosi lilikuwa limevimba. Yule kijana naye alikuwa ameficha mkono mfukoni, asije akaulizwa na mwalimu. Kidole kilikuwa kimevimba na kinadunda kwa maumivu. Nikauliza, "Paka huyu amechanjwa kichaa cha mbwa?" Kimya. Hakuna aliyejua.

Basi siku hiyo tuliacha mada niliyokuja nayo, tukazungumza habari ya meno. Na wewe pia karibu tuzungumze.

PAKA ANA MENO MANGAPI?

Mtoto wa paka huzaliwa kibogoyo. Kama binadamu, yeye naye huota meno mara mbili: kwanza meno ya utoto, halafu meno ya kudumu. Meno yake ya utoto ni 26. Meno ya kudumu ni 30, kwa sababu ukubwani huongezeka magego manne ya nyuma ambayo utotoni hayakuwepo.

Ratiba yake ni hii:

- Wiki ya 2 hadi ya 4: meno madogo ya mbele yanaanza kuchomoza.
- Wiki ya 3 hadi ya 4: chonge nne zinatoka, nyembamba na kali kama sindano.
- Wiki ya 4 hadi ya 6, au zaidi kidogo: magego ya utoto.
- Mwezi wa 3 hadi wa 4: meno ya mbele ya utoto yanaanza kung'oka, ya kudumu yanaingia.
- Mwezi wa 4 hadi wa 6: zamu ya chonge na magego.
- Mwezi wa 6 hadi wa 7: kazi imekwisha, meno yote ya kudumu yametoka.

Umeona kasi yake? Shughuli inayotuchukua sisi miaka sita au zaidi, paka anaimaliza kwa miezi mitatu hivi. Ndiyo maana wenye paka wengi hawana habari kabisa kwamba paka wao alibadili meno. Akila, jino linang'oka, analimeza pamoja na chakula, basi. Halimdhuru. Wakati huo unaweza kuona tone la damu, au ukamwona anatafuna tafuna kila kitu. Hayo ni ya kawaida.

JINO LA UTOTO LINANG'OKAJE LENYEWE?

Wengi hudhani jino jipya linalisukuma la zamani kwa nguvu, kama mtu anavyosukumwa atoke mlangoni. Sivyo hasa. Jino la kudumu linapokua chini ya ufizi, linaukaribia mzizi wa jino la utoto. Hapo mwili hutuma chembe hai maalumu ambazo kazi yake ni kuumeng'enya mzizi ule kidogo kidogo. Mzizi unafupika siku hadi siku. Mwishoni jino linabaki halina pa kushika, linalegea, linaanguka.

Kumbuka lile jino lako ulilolitikisa kwa ulimi mpaka likatoka, pengine ukalirusha juu ya bati. Ulipolitazama lilikuwa fupi, halina mzizi. Mzizi haukukatika. Ulikuwa umekwisha kuliwa na mwili wako mwenyewe!

Sasa basi, wakati mwingine kazi hiyo haikamiliki. Pengine jino jipya limechomoza mahali pembeni kidogo, halikuukaribia mzizi wa la zamani. Mzizi unabaki mzima, na jino la utoto linaendelea kusimama imara wakati mwenzake naye ameshatoka. Hilo ndilo jino la utoto lililogoma kung'oka. Tatizo hili liko zaidi kwa mbwa wa aina ndogo kuliko kwa paka, lakini paka nao hulipata, hasa kwenye chonge.

MENO MAWILI, NAFASI MOJA

Unaweza kuuliza, "Kwani jino la ziada lina ubaya gani? Si ndiyo atakamata panya vizuri zaidi?"

La, ubaya upo. Kwanza, meno hayo mawili yamebanana mno. Katikati yake hunasa mabaki ya chakula na manyoya, vijidudu vinajenga makao, ufizi unavimba na kuoza. Ugonjwa wa fizi ukiachwa hula mpaka mfupa unaoshikilia jino, na jino la kudumu linaweza kupotea pamoja na lile la utoto.

Pili, jino la utoto limekalia kiti cha mwenyewe. Jino la kudumu linalazimika kuota pembeni. Chonge ya juu husukumwa mbele. Chonge ya chini huota kwa ndani, upande wa ulimi, na ikirefuka inaweza kuchoma ufizi au kaakaa kila paka anapofunga mdomo. Fikiria wewe mwenyewe uwe na msumari unaokuchoma kila unapotafuna ugali!

Kwa hiyo madaktari wa mifugo wana kanuni moja nyepesi kukumbuka: meno mawili ya aina moja hayatakiwi kukaa nafasi moja kwa wakati mmoja. Likichomoza la kudumu na la utoto bado limesimama imara, lile la utoto litolewe mapema, bila kungoja mwaka upite. Jino la kudumu likiwa bado linakua, likipata nafasi linaweza kujirekebisha.

Kumbe yule kijana wa plaizi hakukosea alipofikiri kwamba jino litolewe. Alikosea alipodhani kwamba yeye ndiye wa kulitoa.

KWA NINI SI PLAIZI?

Umewahi kung'oa muhogo wakati wa kiangazi? Ukishika shina na kuvuta kwa pupa, muhogo unakatikia ardhini. Mkulima mzoefu kwanza analegeza udongo pande zote, taratibu, halafu anauvuta mzima.

Chonge ya utoto ya paka iko hivyo hivyo. Ile sehemu unayoiona ni fupi. Mzizi uliofichika ni mrefu kuliko sehemu inayoonekana, tena mwembamba na umepinda. Ukiubana kwa plaizi, au ukiufunga uzi na kuvuta, unakatika. Kipande kinachobaki kinaweza kuoza na kutunga usaha, au kuendelea kulisumbua jino la kudumu. Na jino la kudumu lenyewe liko milimita chache tu pembeni, bado changa. Ukiligonga, umemharibia paka jino la maisha yake yote.

Halafu, wangapi kati yetu wanajua lipi ni la utoto na lipi ni la kudumu? Kwa chonge za juu, la utoto kwa kawaida ni lile jembamba lililosimama nyuma, na la kudumu ni nene na liko mbele yake. Wale vijana walipata jino sahihi kwa bahati tu. Wangeweza kabisa kuvunja la kudumu.

Mwisho, paka naye anasikia maumivu kama wewe. Hakuna mtu ambaye angekubali kung'olewa jino zima, lenye mzizi, bila ganzi. Paka hana namna ya kukataa isipokuwa kuuma.

DAKTARI WA MIFUGO ANAFANYAJE?

Siku ile ile mwalimu wa klabu aliuliza kwa afisa mifugo wa kata, akaelekezwa kwa daktari wa wanyama mjini. Wanafunzi walichangishana nauli na gharama. Bosi akasafiri ndani ya kikapu kilichofungwa kanga juu.

Daktari alimpa dawa ya usingizi, yaani nusukaputi, ili asione maumivu na asitikisike. Halafu akapiga picha ya eksirei. Picha inaonyesha mambo mawili: mzizi umebaki wapi na una urefu gani, na kama jino la kudumu liko salama. Baada ya hapo, kwa kifaa chembamba, alilegeza pole pole nyuzi zinazoushikilia mzizi kwenye mfupa, pande zote, kama mkulima wetu wa muhogo. Mzizi ukatoka. Akasafisha usaha, akashona kwa uzi unaoyeyuka wenyewe.

Kwa sababu jino lilikuwa limekatika na kuoza, kazi ilikuwa ndefu na gharama iliongezeka. Bosi angepelekwa jino likiwa zima, ingekuwa rahisi zaidi.

Kama una paka mwenye tatizo hili, zingatia haya:

1. Uliza bei mapema. Kama mna mpango wa kumhasi paka, mwombe daktari amkague meno siku hiyo hiyo. Paka wengi huhasiwa wakiwa na miezi mitano au sita, wakati meno yanabadilika. Usingizi mmoja unaweza kufanya kazi mbili.
2. Uliza asile kwa muda gani kabla ya nusukaputi. Paka mdogo usimshindishe njaa kutwa nzima kwa kubahatisha, sukari yake ya damu inaweza kushuka vibaya.
3. Baada ya kung'olewa, mpe chakula laini kwa siku kadhaa, kwa mfano samaki aliyetolewa miiba na kulainishwa.
4. Ukiona shavu linavimba, harufu mbaya, damu isiyokoma, au amekataa kula siku nzima, mrudishe.

HATARI! USIMPE PAKA PANADOL

Hapa naomba usome mara mbili. Mwanafunzi mmoja aliniuliza, "Si tungempa hata nusu ya Panadol, maumivu yapungue?" Alisema kwa huruma, lakini huruma hiyo ingemuua Bosi.

Panadol ni parasetamoli. Ini la binadamu lina uwezo wa kuibadili dawa hiyo na kuitoa mwilini. Ini la paka halina uwezo huo wa kutosha. Dawa inageuka sumu, inaharibu chembe nyekundu za damu, na damu inashindwa kubeba oksijeni. Fizi za paka zinakuwa za kahawia au bluu, uso unavimba, anahema kwa shida, anakufa. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua paka mkubwa, sembuse mdogo. Aspirini na ibuprofeni nazo ni hatari kwake. Dawa ya maumivu ya paka anaitoa daktari wa mifugo peke yake.

NA WEWE ULIYEUMWA?

Tumrudie yule kijana na mkono wake mfukoni. Jeraha la meno ya paka ni dogo kwa nje lakini limeingia ndani, maana chonge ni nyembamba na ndefu. Hupanda vijidudu chini kabisa ya ngozi, mahali ambapo kupangusa kwa juu hakufiki. Mara nyingi uvimbe huanza ndani ya siku moja tu. Pepopunda nayo inaweza kuingia.

Kubwa zaidi ni kichaa cha mbwa. Jina lisikudanganye. Ni kweli kwamba watu wengi huambukizwa na mbwa, lakini paka naye huupata na kuuambukiza. Virusi vyake hukaa kwenye mate. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Lakini chanjo ikitolewa mapema, kabla ya dalili, inazuia ugonjwa. Kwa hiyo muda ni uhai.

Ukiumwa au kukwaruzwa na mnyama, fanya hivi:

- Osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa dakika 15 kamili. Tazama saa, usikisie.
- Usipake majivu, mafuta ya taa, wala kinyesi cha mnyama.
- Nenda hospitali au kituo cha afya siku hiyo hiyo. Sema wazi kwamba umeumwa na mnyama. Usifiche kwa kuogopa kuchapwa au kuchekwa.
- Usimuue mnyama. Kama inawezekana afungiwe mahali salama na aangaliwe kwa siku 10. Mtaarifu afisa mifugo. Lakini usingoje siku hizo ziishe ndipo uende hospitali.
- Chanjo ni sindano zaidi ya moja, kwa siku tofauti. Maliza ratiba uliyopewa na mganga.

Kijana wetu alipelekwa siku ile. Alichelewa siku tatu, lakini kuchelewa ni afadhali kuliko kutokwenda kabisa. Alisafishwa kidonda, akapewa antibiotiki, akaanza chanjo. Bosi aliangaliwa siku 10 na hakuonyesha dalili yoyote. Baadaye akachanjwa, jambo ambalo lingefaa kufanywa alipofikisha miezi mitatu.

JE, SISI BINADAMU?

Haya mambo si ya paka tu. Binadamu ana meno ya utoto 20 na ya kudumu 32 pamoja na magego ya mwisho. Meno ya utoto huanza kung'oka kwenye umri wa miaka 6 hivi na kumalizika kwenye 12 hivi.

Mtoto wa miaka 6 au 7 anaweza kuwa na safu mbili za meno ya mbele chini. Wazazi wengi hushtuka. Mara nyingi la utoto hulegea lenyewe kwa kutikiswa na ulimi. Likikaa miezi miwili au mitatu bila kulegea, aende kwa daktari wa meno.

Na wewe uliye sekondari, jitazame kwenye kioo. Kama umefikisha miaka 13 au 14 na chonge yako ya juu bado ni ile ndogo ya utoto, nenda ukapigwe picha ya eksirei. Huenda ya kudumu imekwama ndani na inahitaji kusaidiwa. Na huenda haipo kabisa, maana wapo watu wanaozaliwa bila baadhi ya meno ya kudumu. Huyo, jino lake la utoto likiwa zima linaweza kumfaa kwa miaka mingi. Ukiling'oa kwa kubahatisha unabaki na pengo, na wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo.

Lipo jambo moja zito zaidi. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, mtoto mchanga akiharisha au kupata homa, hutokea watu wakasema ana "meno ya plastiki" au "meno ya nailoni". Wanamkata ufizi na kuchimbua vitu vyeupe vilivyo laini. Ndugu msomaji, hakuna meno ya plastiki. Vile vyeupe ni chonge za mtoto zenyewe, ambazo hazijakomaa. Kuzichimbua hakutibu kuharisha hata kidogo. Kunaleta damu nyingi, kuoza, pepopunda, na kifaa kisichochemshwa kinaweza kumwambukiza virusi vya UKIMWI au homa ya ini. Wapo watoto waliokufa. Waliopona, wengi chonge zao za kudumu huharibika au zisiote. Mtoto anayeharisha anahitaji kunyonyeshwa, maji ya ORS, na kupelekwa kliniki. Kama una mdogo wako nyumbani na ukasikia maneno hayo, wewe uliyesoma ndiye wa kusema.

JIPIME: KWELI AU SI KWELI?

1. Mtoto wa paka ana meno ya utoto 30.
2. Chonge ya utoto ikisimama pamoja na ya kudumu, ingoje mwaka mmoja.
3. Robo ya kidonge cha Panadol haina madhara kwa paka.
4. Jeraha la kuumwa na paka lioshwe kwa sabuni na maji dakika 15.
5. Kila jino la utoto linalochelewa kwa binadamu ling'olewe.

Majibu: 1. Si kweli, ni 26. 2. Si kweli, litolewe mapema na daktari wa mifugo. 3. Si kweli, usimpe hata kidogo. 4. Kweli, halafu uende hospitali. 5. Si kweli, kwanza ijulikane kama la kudumu lipo.

Niliporudi shuleni pale muhula uliofuata, Bosi alikuwa amelala juu ya gunia la maharage, tumbo juu, ameshiba. Chonge yake ya kudumu ilikuwa imekaa sawa. Yule kijana alinionyesha kovu la kidole, akacheka. "Siku hizi," akaniambia, "mtu akisema dawa ya jino ni kung'oa, namuuliza kwanza: la nani, na anang'oa nani?"

Nakuachia swali hilo. Mjadili kwenye klabu yenu. Tukutane toleo lijalo!